Mnaniuliza Mkono

Mkipita hapa Jadida mnaniuliza mkono.
"Mkono wa Kombo vipi, umetulia?"
Haujatulia. Unatikisika
kama kifuniko cha birika lililosahauliwa jikoni,
nami nshauzoea. Usiku naushika
kama mtu anavyoshika kifaranga, bila ya kukaza.

Si mkono ulionitisha.

Miaka thelathini na mitatu alisonga halua:
karai la shaba, mwiko unaomfika kifuani,
jasho likichora ramani mgongoni mwa fulana,
na wanga ukikataa, ukikataa, kisha ukikubali.
Halafu siku moja katikati ya Shaabani
akauweka mwiko chini, samli bado haijaingia,
akasema, "Iliki hii haina harufu."
Nikainusa. Ilikuwa na harufu tele.
Akaenda kulala, saa nne ya asubuhi.
Akalala mpaka Mfunguo Nne.

Uso wake ulikaza tangu zamani,
maradhi yaliumimina ukaganda;
mjukuu akicheka mbele yake, hakuna kilichojibu.
Basi ningejuaje?
Ni uso wa maradhi ule,
au ni yeye mwenyewe, ndani, ameshafunga duka?

Nilifanya ya kufanya. Nilimnywesha kombe,
zafarani ikayeyuka na maneno matukufu,
na sijuti, usiku ule alilala.
Shemegi akasema ni uvivu, umempata ukubwani.
Mwenyewe hakusema kitu
mpaka usiku mmoja umeme umekatika,
akadhani nimelala, akaliambia giza:
"Mie mzigo. Na mzigo huu hauna wa kuutua."
Kulipokucha nikatwaa buibui langu.

Daktari, binti Salhina, hakuanza na mkono.
Alimuuliza: "Mzee Kombo,
mara ya mwisho kutaka kitu ilikuwa lini?"
Hakuuliza kuumwa. Kutaka.
Kombo akalitazama feni. Lilizunguka sana.
"Sikumbuki kutaka," akasema.

Akatwambia: haya maradhi mawili, yamelala kitanda kimoja,
na hili la pili halitetemeki, ndiyo maana hamkuliona.
Lina jina, sonona. Na lina dawa.
Si upungufu wa imani, mama;
kinachopunguka kichwani kikauchezesha mkono
huweza kuizima na taa ya ndani.

Basi kidonge cha mkono kabla ya chai, saa ile ile,
na cha pili, cheupe, kama mbegu ya papai.
"Msikitarajie kesho. Hesabuni wiki.
Na atembee. Na kila Jumatano aje tuzungumze."

Wiki ya kwanza tumbo lilimchafuka.
Ya pili nikakiokota kidonge chini ya mkeka,
tukagombana; yaani niligombana mie, yeye alinyamaza.
Ya tatu sina la kuhadithia.
Tulitembea. Miguu ilimganda kizingitini
kama mtu anayepiga hodi kwake mwenyewe,
nami nikihesabu, moja, mbili, haya.

Ya saba, mwanangu Asaa yuko uwani anasonga.
Kombo kitini, katupa kisogo.
Karai likabadilisha sauti.
Mie sikusikia, wala Asaa. Halua
ilikuwa imeacha kugugumia, imeanza kunong'ona.
"Unaunguza, mjinga wewe!"

Nikatoka mbio, lozi zikamwagika.
Miezi mingapi nyumba hii hakutukanwa mtu!
Asaa alikuwa anafuta macho kwa bega,
anasema moshi.

Hajapona, msije mkasema kapona.
Ziko Jumatano hataki hata kuvaa viatu,
namvalisha kimoja, tunakaa, tunasubiri cha pili.
Na iliki hainusi mpaka leo.

Jana akaniuliza, "Hebu nambie, inanukaje?"
Miaka yote ile, nikakosa neno.
Nikasema: kama nyumba ilokuja wageni.
Akafikiri. Uso haukusema kitu.
Mkono ukigonga gonga kwenye mbao za kiti.
"Basi," akasema, "mwambie aongeze."